Maili Mia za Mwisho

Tarehe 4 Julai 1974, kwenye uwanja wa Daytona, Florida, David Pearson alikuwa anaongoza mbio za maili 400 na mzunguko mmoja tu ulikuwa umebaki. Nyuma yake, karibu bampa kwa bampa, alikuwa Richard Petty. Walikuwa wanaikaribia kona ya kwanza, magari yote mawili yamefunguliwa hadi mwisho, na hapo Pearson akanyanyua mguu kwenye mafuta.

Petty akamkwepa, akampita. Jukwaani watu walidhani injini ya Pearson imekufa, na Petty naye akadhani hivyo hivyo. Gari jeupe na jekundu namba 21 lilibaki nyuma kwa mapengo makubwa. Kisha, bila mtu kuelewa, likaanza kukimbia tena. Upande wa pili wa uwanja lilikuwa limeshalisogelea gari la Petty, na walipotoka kwenye kona ya mwisho likachomoka, likampita, likakata mstari kwanza.

Ili kuelewa alichokifanya, tuanze na upepo. Gari linalokwenda karibu kilomita 300 kwa saa hupasua hewa kwa nguvu, na mgongoni mwake huacha mahali patulivu. Anayejificha pale hasukumani na upepo kama yule wa mbele. Anakwenda kasi ile ile kwa nguvu ndogo zaidi, na nguvu iliyobaki anaiweka akiba. Siku akiamua kuitumia, hutoka pembeni ghafla na gari huruka mbele kama jiwe lililotoka kwenye manati. Ndiyo maana katika Daytona ya miaka ile, kuongoza wakati umebaki mzunguko mmoja lilikuwa jambo la hatari. Anayeongoza alikuwa windo. Pearson alijikuta mahali asipopataka, yaani mahali pa kwanza, na Petty hakuwa na sababu yoyote ya kumpita mapema. Kwa hiyo akamlazimisha. Mcheza bao hodari hukubali kuliwa kete mbele ya macho ya watu wote kwa sababu ameshahesabu atakachokula zamu inayofuata. Pearson alifanya hivyo hivyo, ila kete yake ilikuwa gari la zaidi ya tani moja na nusu likiwa kwenye kasi inayoua.

Petty alikasirika sana. Alisema hadharani kwamba lile lilikuwa jambo la hatari, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kupunguza mwendo ghafla wakati mtu yuko mgongoni mwako kwa kasi ile si mchezo wa kufundisha vijana. Lakini mimi huona jambo jingine ndani ya tukio lile. Pearson asingethubutu kumfanyia hivyo dereva yeyote wa kawaida. Alimfanyia Petty kwa sababu aliijua mikono ya Petty. Alijua kwamba atakwepa, na atakwepa vizuri. Mara 63 katika maisha yao watu hawa wawili walimaliza mbio wakiwa wa kwanza na wa pili. Pearson alishinda 33 kati ya hizo na Petty 30. Ukikimbizana na mtu kiasi hicho unamjua kuliko anavyojulikana na jirani zake.

Mbio zenyewe ni zile ambazo Wamarekani huziita kwa jina la magari ya dukani, kwa sababu zilianza na magari yale yale ambayo mtu angeweza kuyanunua na kwenda nayo kazini. Shirika la NASCAR linaloziendesha liliundwa mwaka 1948. Kufikia miaka ya Pearson, chini ya bati lenye sura ya gari la familia kulikuwa na injini na fremu zilizojengwa kwa ajili ya mbio tu. Magari 40 hivi huachiwa kwa pamoja kwenye barabara iliyojifunga kama pete, kona zake zikiwa zimeinuliwa upande mmoja kama ukingo wa sinia. Kona za Daytona zimeinamishwa kwa nyuzi 31, kiasi kwamba mtu kuzipanda kwa miguu ni kazi. Wanazunguka kushoto, kushoto, kushoto, kwa saa tatu au nne. Asiyeijua kazi hii huitazama kwa dakika kumi akasema ni watu wanaozunguka tu.

Pearson alizaliwa tarehe 22 Desemba 1934 huko Whitney, kijiji cha kiwanda cha nguo pembeni mwa mji wa Spartanburg, South Carolina. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda, naye pia alipitia humo. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alipanda mti nje ya uwanja wa maonyesho wa mji ili aone mbio zilizokuwa upande wa pili wa ua, na huko juu ya mti ndiko alikoamua kazi yake. Mwaka 1952 akaanza kushindana kwenye viwanja vya udongo.

Udongo ni mwalimu mkali. Mwanzoni mwa jioni unakuwa na unyevu na gari linaushika. Baada ya mizunguko kadhaa unakauka, unang'aa, unateleza kama sakafu iliyomwagiwa mafuta, na njia uliyoitumia muda mfupi uliopita haifai tena. Dereva wa udongo hawezi kukariri. Inambidi ausikie uwanja kiunoni, kupitia kiti, kabla macho hayajaona kitu. Karibu kila dereva mkubwa wa kizazi kile alisoma katika shule hiyo, lakini wengi waliondoka nayo wakiwa na ujasiri peke yake. Pearson aliondoka nayo akiwa na masikio.

Mwaka 1960 alitajwa kuwa chipukizi bora wa NASCAR. Mwaka uliofuata fundi Ray Fox alihitaji dereva wa kuendesha Pontiac yake kwenye mbio ndefu kuliko zote, zile za maili 600 za Charlotte, akampa kijana huyu ambaye hakuwa ameshinda mbio yoyote kubwa. Karibu na mwisho Pearson alikuwa amewaacha wenzake kwa mizunguko kamili. Ndipo tairi la nyuma la kulia likapasuka.

Kijana mwingine angeingiwa na hofu na kukimbilia kwa mafundi, au angeendelea kukanyaga mafuta mpaka gari limshinde na kulibamiza ukutani. Pearson alifanya hesabu. Alikuwa na akiba ya mizunguko, na akiba huwekwa ili itumike siku kama ile. Akashuka sehemu ya chini ya barabara, akapunguza mwendo, akaliburuta gari lake kwa magurudumu matatu huku la nne likitoa cheche, akakata mstari akiwa mshindi. Mwaka huo huo akashinda tena mbio kubwa Daytona na Atlanta. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hapo ndipo naona mbegu ya ufundi wake wote. Gari la mbio ni ghala lenye vitu vinavyoisha: mpira wa matairi, breki, mafuta, vyuma vya injini, na nguvu za mwili wa mtu aliyekaa ndani ya joto kali bila kupumzika. Kila ukikanyaga unatoa kitu ghalani. Katika miaka ya 1960 na 1970 magari mengi hayakufika mwisho wa maili 500. Injini zilipasuka, gia zilivunjika, matairi yalichanika. Dereva aliyeongoza maili 300 kwa mbwembwe mara nyingi alimalizia siku akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu nyuma ya ukuta, akiwatazama wengine. Pearson alikuwa akionekana nafasi ya tano, ya sita, wakati mwingine hata hakutajwa. Zilipofika maili mia za mwisho alijitokeza mbele, na gari lake lilikuwa bado zima.

Watu walimwita Mbweha wa Fedha, kwa sababu ya nywele zake zilizoanza kuwa na mvi mapema na kwa sababu ya ujanja huo.

Msomaji anaweza kufikiri kwamba alikaa nyuma kwa kuwa hakuwa na kasi. Charlotte inajibu. Siku ya kupima muda, kila gari likiwa peke yake barabarani na hakuna wa kumficha upepo, Pearson alikuwa wa kwanza kwenye uwanja huo mara 11 mfululizo, kuanzia 1973 hadi 1978. Katika maisha yake yote alianza mbele ya wote mara 113. Alikuwa na kasi kuliko karibu kila mtu, akaamua lini aitoe na lini aifungie kabatini. Kuwa na subira huku huna nguvu ni jambo la lazima tu. Subira ya mtu mwenye uwezo wa kukupita sasa hivi na asikupite ndiyo ya kutazama kwa makini.

Ubingwa aliupata mara tatu na nitaupitia haraka. Mwaka 1966 aliuchukua akiendesha Dodge ya Cotton Owens, mkazi wa eneo lile lile la Spartanburg, kwa ushindi 15. Mwaka 1968 na 1969 aliuchukua tena na Ford za Holman-Moody, kwa ushindi 16 na 11. Ubingwa wa NASCAR ni wa pointi, na pointi zinamtaka mtu azunguke nchi nzima wiki baada ya wiki. Msimu wa 1969 ulikuwa na mbio zaidi ya 50. Baada ya hapo hakuufukuza tena. Ndiyo sababu jina lake halitajwi na watu wanaohesabu vikombe tu, na kwangu mimi hilo ni kosa.

Mwaka 1972 alijiunga na ndugu Wood wa Stuart, Virginia, na hapa pana utamu wa pekee. Glen na Leonard Wood hawakutaka kushiriki kila mbio. Walichagua zile kubwa, wakaziandalia gari moja kwa utulivu. Kabla ya kumpata Pearson walikuwa wameshabadilisha kazi ya kuhudumia gari kati ya mbio. Zamani gari liliposimama, mafundi walilizunguka kila mmoja akitafuta la kufanya. Akina Wood walipanga nani atangulie na jeki, nani afungue nati, nani ashike gurudumu jipya, kila hatua ikiwa na nafasi yake, na jeki zenyewe wakazirekebisha ziinue gari kwa mapigo machache. Sifa zao zilifika mbali kiasi kwamba mwaka 1965 waliitwa kuhudumia gari la Mskoti Jim Clark katika mbio za Indianapolis 500, naye akashinda.

Mtunza akiba akakutana na watunza akiba. Sekunde walizookoa wao, yeye aliziweka akiba. Mwaka 1973 waliingia mbio 18 pamoja, wakashinda 11. Nimezirudia tarakimu hizi mara nyingi na bado zinanishangaza: kwa kila mara tano gari lile lilipoonekana uwanjani, mara tatu liliondoka na ushindi. Kufikia 1979 walikuwa wameshinda pamoja mara 43.

Ndani ya gari lile, pamoja na vipimo vya joto na vya mafuta ya injini, kulikuwa na kiwashio cha sigara. Pearson alivuta sigara akiwa kwenye mbio, hasa bendera ya njano ilipotolewa na magari yakatembea pole. Sisifu tumbaku. Ninachokiona ni mikono. Mtu aliyeng'ang'ania usukani kwa hofu huyakwaruza matairi ya mbele bila kujua, kwa sababu kila mtetemo wa mwili wake unafika barabarani. Mtu aliyelegeza mabega huliacha gari lipumue. Tofauti hiyo kwa mzunguko mmoja haionekani hata kwa saa ya kupimia. Kwa mizunguko 300 inakuwa tairi zima.

Hakuna mahali palipoionyesha tofauti hiyo kama Darlington, huko huko South Carolina. Uwanja ule ulijengwa na Harold Brasington na kufunguliwa mwaka 1950. Alipokuwa akinunua ardhi alimwahidi mwenye shamba kwamba hatagusa bwawa lake la samaki, kwa hiyo upande mmoja wa uwanja ulibidi ubanwe. Matokeo yake pete ikawa na umbo la yai. Kona za upande huu ni pana, za upande ule ni finyu. Ukilipanga gari lipende upande mmoja, litanuna upande wa pili. Hakuna fundi anayeweza kuimaliza kazi hiyo kwa spana. Nusu yake lazima imaliziwe na dereva, kila mzunguko, kwa mguu na vidole.

Tena njia ya kasi pale Darlington imepita karibu kabisa na ukuta wa nje. Madereva wengi hurudi na rangi imekwanguliwa ubavu wa kulia, na alama hiyo ina jina lake, mchirizi wa Darlington. Lami yake hula matairi kama msasa. Katika mbio za kwanza kabisa, zile za 1950, magari yenye kasi yalipasua matairi siku nzima, na mshindi akawa Johnny Mantz na Plymouth yake ndogo ya mwendo wa pole, kwa sababu alikuwa amefunga matairi magumu yaliyovumilia. Uwanja wenyewe, tangu siku ya kwanza, ulisema unamtaka mtu wa namna gani.

Mwenye pupa huingia kona ya Darlington kwa kishindo, kisha hupigana na usukani katikati, kisha husubiri gari litulie kabla ya kukanyaga tena. Amefurahia mita 50 na kulipa 200. Namna nyingine ni kuachia mafuta mapema kidogo, kuliacha gari lijizungushe lenyewe, na kuanza kukanyaga wakati mwenzako bado anahangaika. Ukitazama filamu za zamani za mbio za pale, gari namba 21 mara nyingi linaonekana kama linakwenda polepole kuliko mengine. Halitikisiki wala halifuti barabara kwa mkia. Linawapita wenzake kwa utulivu unaoweza kukufanya udhani wamempisha.

Sasa tarehe 15 Februari 1976, Daytona tena, mzunguko wa 200 wa maili 500. Petty anaongoza, Pearson mgongoni, na safari hii Pearson yuko pale anapotaka kuwa. Kwenye barabara ndefu ya nyuma Pearson anachomoka na kupita. Petty anarudi kwa ndani kwenye kona za mwisho. Wanatoka kona ya nne wakiwa bega kwa bega, Petty akiwa mbele kidogo lakini si kiasi cha kutosha, na magari yanagusana. Pearson anapiga ukuta kwa pua. Petty anayumba, anasahihisha, anayumba tena, naye anapiga ukuta. Yote mawili yanazunguka kuelekea kwenye majani yaliyo kati ya barabara na njia ya mafundi. Gari la Petty linasimama hatua chache kabla ya mstari wa mwisho. Injini imezimika.

Gari la Pearson lilikuwa mbali zaidi, pua imepondeka, limegongana na gari jingine lililokuwa likiingia kwa mafundi. Lakini injini yake ilikuwa inanguruma.

Magurudumu yanaposimama ghafla huku gia imeingia, injini husimama nayo. Njia pekee ya kuiokoa ni kukanyaga klachi kabla ya hapo na kuitenga na magurudumu. Kila dereva anajua hilo akiwa amekaa nyumbani. Pearson alilifanya wakati gari linazunguka, moshi umejaa, ukuta umeshampiga na hajui mbele ni wapi. Mguu wa kushoto ulishuka na kubaki chini. Kwenye redio, badala ya kulalamika au kuuliza kama gari linawaka moto, aliwauliza mafundi wake Petty yuko wapi. Walipomwambia amesimama, aliingiza gia, akalitoa gari kwenye majani, akalivusha mstari kwa mwendo ambao kijana wa baiskeli angeweza kufuatana nao.

Mashindano hayo yalikuwa yakionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, na picha ile imerudiwa miaka yote kwa sababu ya kugongana kwao. Watu hukumbuka vyuma vilivyoruka. Mimi hukumbuka mguu mmoja ambao hakuna kamera iliyouona. Miaka 15 kabla yake aliivusha Pontiac yenye magurudumu matatu, na siku hii aliivusha Mercury isiyo na pua. Yote mawili yalitokana na tabia moja: kutokitupa kilichobaki, hata kikiwa kidogo namna gani. Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa pekee katika Daytona 500. Mwaka huo huo alishinda pia zile za maili 600 za Charlotte na Southern 500 ya Darlington.

Ushirika wake na akina Wood uliisha vibaya, na uliishia Darlington. Aprili 1979 aliingia kwa mafundi akidhani wanabadilisha magurudumu mawili tu. Wao walikuwa wamepanga manne. Aliondoka nati za upande wa kushoto zikiwa zimefunguliwa, na magurudumu yakachomoka kabla hajarudi barabarani. Siku chache baadaye wakaachana. Neno moja halikusikika vizuri, na miaka saba ikaisha.

Septemba ya mwaka huo kijana mgeni aliyeitwa Dale Earnhardt alikuwa ameumia, na mwenye gari lake akamwita Pearson akae kwenye kiti hicho kwa muda. Darlington tena, Southern 500. Gari si lake, mafundi si wake, umri miaka 44. Akashinda. Aprili 1980, akiwa na gari la mtu mwingine tena, alishinda pale pale kwa mara nyingine, na huo ukawa ushindi wake wa 105 na wa mwisho. Aliendelea kujitokeza mara moja moja hadi 1986, na mwaka 1989 mgongo ukamwambia basi.

Petty alimaliza na ushindi 200, na hakuna atakayemfikia. Lakini alianza mbio 1,184, Pearson 574 tu. Petty mwenyewe alisema mara nyingi kwamba katika wote aliokimbizana nao hakukuwa na dereva bora kuliko Pearson, na sidhani kama yupo shahidi mwingine tunayemhitaji. Ukumbi wa heshima wa NASCAR ulipoingiza watu watano wa kwanza mwaka 2010, Pearson hakuwamo. Alingoja, akaingizwa mwaka uliofuata.

Alifariki tarehe 12 Novemba 2018, akiwa na umri wa miaka 83. Pale Darlington alishinda mara 10, na hakuna dereva aliyeifikia idadi hiyo mpaka leo.